Nani Kala Muhogo? Mjadala wa Usasi Barazani Ng'ambo

Hamu ya usasi imewapanda tena vijana wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, na safari hii imepitia kwenye simu. Wanatazama video kutoka Marekani: mtu kavaa nguo za rangi ya majani makavu, kajibanza nyuma ya kichaka, anapuliza filimbi inayotoa kilio cha sungura aliyeumia. Baada ya muda anatokea coyote, mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na bweha wa bara. Anakuja mbio akitarajia mlo, na anapigwa risasi. Kisha hufuata mafunzo kwa anayeanza: ukae upande gani wa upepo, unyamaze kwa muda gani, ushike bunduki vipi.

Unguja haina bweha. Ina nguruwe mwitu, ina kima, ina paa, ina ngawa, na ilikuwa na chui. Ina pia mbwa, nyavu, na wazee waliokulia katika usasi huko Muyuni, Mtende na Makunduchi. Kwa hiyo kijana wa Mwembetanga anapouliza aanzeje, anauliza jambo lenye historia ndefu hapa hapa kisiwani, tena historia yenye damu, na ni haki yake kujibiwa bila kufichwa kitu.

Mjadala huu nimeupanga mwenyewe. Wasemaji hawana majina kwa sababu kila mmoja anabeba maneno ya watu wengi. Msasi ni mzee wa Muyuni anayeishi sasa kwa binti yake Jang'ombe. Shangazi analima Charawe na huleta muhogo soko la Mwanakwerekwe. Hakai barazani na wanaume, lakini dirisha liko wazi na hapitwi na neno. Bwana Misitu ni mstaafu wa Idara ya Misitu. Maalim anasomesha chuo mtaani. Kijana ni kijana. Kahawa imeshamiminwa.

KIJANA: Shikamooni wazee. Babu, nimekuja kwako makusudi. Nataka kuingia usasi. Tuko watano, tuna pikipiki, mmoja wetu ana mbwa wawili. Tukipata wavu, Jumapili tunaingia maweni. Unanishauri nini?

MSASI: Marahaba. Mnakwenda kumsaka nani?

KIJANA: Chochote kitakachotoka, babu.

MSASI: Basi bado hujaanza. Anayesaka chochote huleta nyumbani alichokiweza, wala si alichokikusudia. Utakwenda kwa ajili ya nguruwe, nguruwe atawashinda kwa sababu ana meno na hasira, na mbwa wenu wa mjini watamkimbia. Mtaona aibu kurudi mikono mitupu. Ndipo mtamfuata paa, kwa sababu paa hana cha kukufanya ila kukimbia. Nimewaona wengi wakianza hivyo. Wanatoka mjini wakisema wanakwenda kuwasaidia wakulima, na wanarudi na paa kwenye gunia.

KIJANA: Lakini paa naye si anakula kunde za watu?

SHANGAZI (kutoka dirishani): Anakula, mwanangu. Majani ya kunde anayapenda. Lakini sijapata kulia kwa sababu ya paa. Nimelia kwa sababu ya nguruwe. Paa anaonja na kupita. Nguruwe akiingia kwenye konde la muhogo usiku mmoja, asubuhi unakuta matuta yamepinduliwa, miti imelazwa, nusu ya muhogo kauma na kuuacha. Mimi nalala kwenye dungu, nagonga debe, nawasha moto, nikisinzia kidogo tu ameshapita upande wa pili. Nyie mnazungumza usasi kama mchezo wa mpira wa Jumapili. Kwangu ni chakula cha miezi sita.

Hapa nataka kuingia kati kabla Bwana Misitu hajazungumza, kwa sababu naye kila akizungumza huanza na sheria, na watu huacha kusikiliza. Alichosema Shangazi ndicho kiini cha jambo. Upande wa mashariki na kusini mwa Unguja ardhi ni ya maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo kidogo katika nyufa zake. Watu hulima hapo kwa shida. Wamejenga bigili, ule ukuta wa mawe makavu yaliyopangwa bila chokaa, kuzunguka makonde yao ili nguruwe asiingie. Kazi ya kuinua ukuta ule kwa mikono ni ushahidi wa kutosha kwamba malalamiko ya mkulima si hadithi. Mtu hapangi mawe siku nzima juani kwa kumwogopa mnyama wa kusadikika.

BWANA MISITU: Mimi sina ugomvi na kumuua nguruwe anayekula konde. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Sheria namba 10 ya mwaka 1996, haikuandikwa ili Shangazi afe njaa. Lakini kijana, huwezi kuchukua wavu na kuingia msituni kwa sababu tu una nafasi Jumapili. Kuna wanyama wanaolindwa, kuna maeneo yaliyohifadhiwa, na kuna vijiji vilivyotiliana mikataba na serikali kuhusu nani atumie msitu na kwa namna gani. Jozani na Ghuba ya Chwaka imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004. Charawe, Ukongoroni, Pete, Chwaka, hivyo vyote vimeizunguka, na vina kamati zao. Ukitoka Mwembetanga na mbwa wako ukaingia pale bila kumwona sheha, bila kamati kujua, bila kibali cha Idara, unaingia nyumbani kwa mtu kupitia dirishani.

KIJANA: Ami, mbona zamani watu walikuwa wakisaka tu?

MSASI: Hasha! Nani kakwambia walikuwa wakisaka tu? Zamani usasi ulikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na mkubwa wa wasasi, kulikuwa na siku, na kila mtu alijua mahali pake pa kusimama. Mwenye mbwa ana kazi yake, mwenye wavu ana kazi yake, mwenye mkuki haruhusiwi kuutupa mpaka aone anachokitupia. Mtu aliyekurupuka akarusha mkuki kwenye kichaka kinachotikisika alifukuzwa, maana kichaka kinaweza kuwa na mtoto wa mwenzio ndani. Mimi nilifuata wakubwa msimu mzima bila kushika silaha. Nilishika kamba ya mbwa.

KIJANA: Msimu mzima?

MSASI: Na nilijifunza mengi kuliko hao walioshika mikuki. Nilijua kuutofautisha unyayo. Wa nguruwe ni mpana, unazama, na ardhi mbele yake imechimbuliwa kwa pua. Wa paa ni mdogo, umechongoka, unaweza kuufunika kwa ncha za vidole viwili. Kima hana kwato. Akila ndizi changa huacha maganda chini na matawi yamevunjika juu. Panya anaguguna muhogo kwa chini, unaona alama za meno, mti bado umesimama. Mkulima akija kulia kwamba kaliwa, tulikwenda kuangalia kwanza. Mara nyingi alikuwa anamlaumu asiyehusika.

Neno hilo la mwisho la Msasi lina uzito kuliko yeye mwenyewe anavyodhani, na ndilo lililonifanya niandike. Unguja ilishawahi kumsaka mnyama mmoja kwa tuhuma mpaka akatoweka, na mnyama huyo alikuwa mla nyama wa mwitu mkubwa kuliko wote kisiwani.

Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo, yaliyosongamana. Mwaka 1932 mwanasayansi Mwingereza, Pocock, alimwandika kama aina ya peke yake, akampa jina la Aders, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama katika serikali ya Zanzibar. Ni Aders huyo huyo ambaye paa nunga, yule paa adimu wa kwetu, amepewa jina lake katika vitabu vya sayansi. Kisiwa kilikatwa na bara bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, na chui akabaki huku, akila paa, kima na watoto wa nguruwe, na mara nyingine mbuzi na mbwa wa watu. Alishambulia watu pia, mara chache, na kila shambulio lilikumbukwa kwa miaka.

Tatizo ni kwamba watu wengi hawakuamini kuwa chui yule ni mnyama tu. Ilisemwa kuwa kuna chui wa mwitu na kuna chui wa kufugwa, na huyo wa kufugwa ana mwenyewe, mchawi anayemlisha, anayemtuma kwa jirani, anayemrithisha watoto wake. Mbuzi akiliwa Mtende, swali halikuwa chui kapita wapi. Swali lilikuwa chui wa nani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, imani hii ilipata nguvu ya vitendo. Mganga mashuhuri aliyeitwa Kitanzi aliongoza kampeni kubwa iliyounganisha mambo mawili, kuwasaka wachawi na kuwasaka chui, akizunguka vijiji na watu wakimfuata. Kazi hiyo baadaye iliendelezwa chini ya kikundi cha serikali, Wasasi wa Kitaifa, ambacho kilisaka wanyama waharibifu wa mashamba, na chui akaandikwa miongoni mwao. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, ambao wameifuatilia habari hii kwa miaka mingi na kuzungumza na wasasi wenyewe, wameeleza namna hofu, siasa na uganga zilivyokwenda pamoja hadi kummaliza.

Baadaye Goldman na mwenzake Winther-Hansen walimtafuta chui huyo kisiwani. Hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba bado yuko. Mwaka 2018 kamera ya watu wa televisheni kutoka Marekani ilinasa picha ya usiku ya mnyama aliyeonekana kama chui, na habari zikaenea dunia nzima kwamba karudi. Hakuna kilichothibitishwa tangu hapo. Tulichobakiwa nacho ni ngozi chache katika makumbusho za ng'ambo ya bahari, na yule aliyejazwa nyasi, rangi imempauka, aliyekuwa akionyeshwa katika makumbusho ya Mnazi Mmoja. Watoto wa Ng'ambo walipelekwa na skuli kumtazama.

Wapo watakaosema namwonea huruma mnyama na kuwasahau watu. Hapana. Mama aliyepoteza mtoto kwa chui alikuwa na haki ya kutaka chui yule auawe. Ninachopinga ni kule kuua chui wote kwa sababu mmoja kaua, na kuua wengine zaidi kwa sababu ya ugomvi wa jirani na jirani. Hilo halikuwa tena jambo la usalama.

MSASI: Na mimi niseme. Nilikuwa kijana wakati ule. Watu walishangilia. Ukimleta chui aliyekufa kijijini ulipokewa kama bwana harusi. Hakuna aliyeniuliza kama yule chui ndiye aliyekula mbuzi. Mimi mwenyewe sikujiuliza.

MAALIM: Na mtu aliyesemwa kuwa ndiye mwenye chui, je?

MSASI: Aliondoka. Alihama kijiji.

KIJANA: Lakini hayo yamepita, babu. Mimi sisaki chui wala mchawi. Na hao Wamarekani wanaua coyote kila siku, maelfu kwa maelfu, na coyote hawaishi. Mbona wao hawajamaliza?

BWANA MISITU: Swali zuri, na jibu lake ndilo litakuonyesha tofauti. Huko serikali peke yake huua makumi ya maelfu ya coyote kila mwaka ili kuwalinda kondoo na ndama, acha wale wanaouliwa na watu binafsi. Walitumia sumu kwa wingi mpaka Rais Nixon mwaka 1972 akaipiga marufuku katika ardhi za serikali kuu. Na coyote leo yuko katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii. Zamani alikuwa wa nyika za magharibi. Mbwa mwitu walipomalizwa na misitu ikafyekwa, akapata nafasi akaenea mpaka pwani ya mashariki, mpaka mijini, na kusini mpaka Panama. Ukiua kumi bonde hili, wanaobaki wanapata chakula zaidi, na wengine wanahamia kutoka bonde la pili. Ana bara zima la kukimbilia. Hizo video za kuanza kusaka coyote zimetengenezwa kwa mnyama kama huyo.

KIJANA: Na sisi?

BWANA MISITU: Unguja ina urefu wa kilomita kama 85. Panda gari Nungwi asubuhi, mchana uko Makunduchi umeshakula. Paa nunga akimalizwa Muyuni na Mtende, nani atahamia kujaza pengo? Kutoka wapi? Bahari iko pande zote. Ukimwacha huyu wa kwetu, paa nunga yuko katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya, Arabuko-Sokoke na Boni. Dunia nzima hakuna kwengine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibidi wachache wapelekwe kisiwa cha Chumbe ili angalau wawe na mahali ambapo mbwa hawafiki. Hebu fikiria, mnyama wa kwetu anakimbizwa kwa mashua kutukimbia sisi.

MAALIM: Na chui ndiye aliyekuwa akimla nguruwe.

BWANA MISITU: Watoto wa nguruwe, hasa. Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku asiyedai mshahara. Tulipomwondoa, zamu ile imemwangukia Shangazi na debe lake.

SHANGAZI: Msimpambe sana, alikula na mbuzi wangu wawili enzi za marehemu mume wangu. Lakini ni kweli, nguruwe hawakuwa na ujasiri huu.

Hapa mjadala ulipasa kugeukia kima, na ukageuka, kwa sababu huwezi kuzungumza usasi Unguja bila kima punju kutajwa. Kima huyu mwekundu mwenye nywele nyeupe kichwani hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa hiki na pale alipopelekwa na watu. Wageni humlipia fedha nyingi Jozani. Wakulima wa jirani hawampendi, na kwa miaka walisema anamaliza minazi kwa kula vidaka.

KIJANA: Huyo naye analindwa?

BWANA MISITU: Kabisa. Na hadithi yake inafaa uijue kabla hujamlaumu mnyama. Watafiti wawili, Siex na Struhsaker, walikwenda kuhesabu. Walichoandika mwaka 1999 kiliwashangaza wengi: kima punju anakula vidaka vingi, ndiyo, lakini mavuno ya nazi hayakupungua kwa sababu yake. Penye ulaji mwingi mavuno yalikuwa mazuri zaidi. Mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi. Inaelekea kima anaupunguzia mzigo, vinavyobaki vinakomaa vizuri.

SHANGAZI: Utafiti mzuri, lakini mimi sina minazi. Nina maharage na viazi. Walikuja kuhesabu maharage?

BWANA MISITU: Hiyo ni kweli, Shangazi. Nazi si maharage. Ndiyo maana sehemu ya mapato ya watalii wa Jozani iliwekwa kwa ajili ya vijiji na wakulima walioharibiwa.

SHANGAZI: Iliwekwa. Kufika ni habari nyingine.

Simlaumu Shangazi kwa kukasirika. Fedha za fidia zikichelewa, mkulima hatasubiri mkutano wa kamati. Atamtafuta mtu mwenye mbwa. Wahifadhi wanaotaka kima na paa waishi hawana budi kujua kwamba kila shilingi inayochelewa kufika Charawe inampa kazi msasi wa siri. Lakini pia sikubali kwamba hasira yake imhukumu kila mnyama anayeonekana kondeni mchana. Kima anaonekana, ana kelele, anakaa juu ya mti ukimtazama. Nguruwe amekuja saa nane za usiku akaondoka. Anayeonekana ndiye anayebeba lawama za asiyeonekana. Hivyo ndivyo alivyobebeshwa chui, na hivyo ndivyo anavyoweza kubebeshwa yule mnyama mdogo wa madoadoa, wa jamii ya kanu, ambaye wasasi walimjua siku nyingi lakini sayansi ilimtambua Unguja mwaka 1995 tu na kumpa jina rasmi mwaka 1998. Madoa yake yakionekana kwa tochi usiku, na mtu ana hofu, anaweza kuapa kwamba kamwona mtoto wa chui.

MAALIM: Mimi nina langu, na kijana alisikie vizuri. Kwanza mbwa. Watu wa Ng'ambo mnasikia mbwa mnasema najisi, mnamaliza. Sivyo. Mate yake ni najisi nzito kwa madhehebu yetu ya Shafi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa kusaka, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa, na Sura ya Maida, aya ya nne, imehalalisha alichokamata mnyama aliyefundishwa. Sharti ni kufundishwa. Akitumwa aende, akiitwa arudi, akikamata asile. Kijana, hao mbwa wawili wa rafiki yako, wakiitwa wanarudi?

KIJANA: Wakitaka, Maalim.

MAALIM: Basi hao si mbwa wa usasi. Hao ni mbwa wa mtaa waliopakiwa kwenye pikipiki. Pili, kuua kwa mchezo. Mtume amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Kumuua nguruwe anayemtia Shangazi njaa, hilo lina sababu. Kumsaka paa kwa haja ya chakula, hilo ni halali kwa asili yake, ingawa Bwana Misitu ana hoja kwamba wamebaki wachache, na kuzuia madhara ni katika dini pia. Lakini kumwita mnyama kwa kilio cha uongo, kumuua, kupiga naye picha na kumwacha pale, kwa sababu tu umefurahi kulenga? Sijui jibu utakalolitoa kwa hilo.

MSASI: Maalim, usasi una furaha yake. Usimdanganye mtoto. Mbwa wakilia kwa mbali, na wewe uko kwenye wavu, na unasikia kichaka kinakatika, moyo unadunda. Mimi ni mzee na bado naota ile sauti.

MAALIM: Sikukataa furaha. Nimekataa furaha iwe ndiyo sababu.

Katika hoja hii niko na Maalim, lakini namheshimu Msasi kwa kutoficha. Vijana wetu hawaendi maweni kwa sababu ya upendo wao kwa mihogo ya Charawe. Wanakwenda kwa sababu Ng'ambo imewabana. Viwanja vya mpira vimejengwa nyumba, pwani imejaa, kazi ni chache, na msitu ni mahali ambapo mtu wa miaka ishirini anaweza kujua kama ana moyo. Kumwambia asiende kabisa ni kumpoteza. Atakwenda usiku, kwa siri, na atamuua paa. Hatari kubwa kwa paa nunga ni huyo wa siri, anayetoka mjini, asiyejua jina la kijiji alichoingia. Mkulima mwenye mkuki mlangoni pa konde lake hasaki chochote, anamngoja nguruwe.

Basi hoja yangu ni hii, na nimewasomea hawa wote waipinge. Kwa Unguja, msasi anayeanza aanze na konde moja la mkulima mmoja aliyemwalika. Msitu uje baadaye. Alale dunguni. Aone kwa macho yake nani anakuja. Akishajua kuwa ni nguruwe, kijiji kiitishe usasi wa nguruwe, kwa siku iliyotangazwa, kwa kibali, chini ya mzee anayejua, na paa akitoka aachwe apite.

BWANA MISITU: Paa hapiti kwenye wavu. Mbwa hawamwulizi jina. Hapo ndipo mimi na wewe tunaachana. Usasi wa nyavu na mbwa karibu na hifadhi mimi nausimamisha kabisa. Mlinde konde kwa ukuta, kwa dungu, kwa mtego wa kizimba unaomkamata mnyama mzima ili asiyehusika aachiliwe.

MSASI: Mtego wa kizimba hukamata mjinga mmoja. Wengine wanaona, hawarudi hapo. Mbwa aliyefunzwa anajua harufu ya nguruwe na ya paa, na mimi nilikuwa na mbwa ambaye paa akimpita hageuzi kichwa. Tatizo si mbwa. Tatizo hakuna tena anayewafunza.

BWANA MISITU: Na huyo mbwa wako leo yuko wapi?

MSASI: Amekufa. Lakini mimi nipo.

KIJANA: Babu, utanifundisha?

MSASI: Nitakufundisha kutazama chini. Jumamosi, bila mbwa, bila mkuki, bila hao wenzio wanne. Vaa viatu vya kufunika vifundo, maweni yanakata kama wembe. Chukua tochi na maji. Simu uizime, mwanga wake unaonekana mbali.

SHANGAZI: Atalala dunguni kwangu, nimekubali. Lakini mchana ana kazi. Bigili langu limebomoka upande wa mashariki, hatua kama ishirini, na ndiko nguruwe anakoingilia. Mawe yapo pale pale yalipoanguka. Apange mawe kwanza, hayo mengine ya wavu na mbwa mtabishana yeye akiwa kazini.

KIJANA: Na tukimwona nguruwe, Shangazi?

SHANGAZI: Mtamwona. Na siku mtakayopewa ruhusa ya kumuua, mtamfukia wenyewe, shimo refu, mbali na kisima.